Maneno ya Ratiba ya Ujenzi Unayopaswa Kuyaelewa Kabla ya Kutia Saini

Mteja anayeendelea kulipa kodi ya pango huku nyumba yake ikijengwa hana budi kuusoma ukurasa wa ratiba kwa makini sawa na ule wa bei.

Neno la kwanza la kuuliziwa ni “siku”. Siku za kalenda hujumuisha Jumapili na sikukuu. Siku za kazi hazijumuishi mapumziko. Siku 60 za kazi, kwa mkandarasi anayefanya kazi siku sita kwa wiki, ni wiki 10, yaani siku 70 za kalenda. Kwa anayefanya kazi siku tano ni wiki 12, yaani siku 84, na sikukuu bado hazijaongezwa. Mkataba unaotaja “siku 60” pasipo ufafanuzi ni chanzo cha ugomvi. Vilevile, siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini? Tarehe ya kutia saini, ya malipo ya awali na ya kumkabidhi mkandarasi kiwanja huweza kupishana kwa wiki kadhaa. Iandikwe moja.

Zipo kazi zisizoweza kuanza kabla ya nyingine kwisha: msingi, kuta, lenta, kupaua. Mfululizo mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana ndio unaoamua tarehe ya kukamilika. Siku ikipotea humo bila kufidiwa, nyumba nzima huchelewa siku moja. Uzio, kwa kawaida, una nafasi: waweza kusogezwa mbele kidogo bila kuathiri tarehe hiyo. Kwa hiyo, ukiarifiwa kuwa kazi fulani imechelewa, uliza kwanza kama imo katika mfululizo huo.

Ratiba fupi isikufurahishe upesi. Zege huhitaji kumwagiliwa maji kwa takriban siku saba, na nguvu yake hupimwa kwa kawaida ikitimiza siku 28. Ratiba isiyoacha muda wa zege kukomaa ni fupi kwenye karatasi tu.

“Nyongeza ya muda” ni kusogezwa kwa tarehe ya kukamilika kwa sababu zilizotajwa katika mkataba. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zinafahamika. Zipangiwe mapema badala ya kuwa udhuru baadaye. Ukikubali nyongeza, fanya hivyo kwa maandishi yanayotaja tarehe mpya, kwa kuwa “fidia ya ucheleweshaji” itahesabiwa kuanzia hapo. Fidia ikiwa shilingi 20,000 kwa siku, nyongeza ya siku 15 inakuondolea haki ya kudai shilingi 300,000.

Makabidhiano nayo siyo mwisho. Hufuatiwa na “kipindi cha matazamio”, mara nyingi miezi 6 au 12, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zitokanazo na kazi yake kwa gharama zake. Mkataba uruhusu sehemu ya malipo izuiliwe hadi kipindi hicho kiishe na kasoro ziwe zimerekebishwa.