Darasa Ghali, Sebule Rahisi

Yeyote anayefuatilia filamu za Bongo ajua kwamba shule, japo aghalabu hutajwa, ni nadra kuonekana. Mwanafunzi hutoka nyumbani amevaa sare, akarejea ana mimba au ana kazi ya kuvaa tai, na yaliyopita darasani hatuyaoni.

Sababu, kwa kauli ya wenye kuijua biashara, ni ya hesabu kabla ya kuwa ya fikra. Sebule huazimwa kwa jamaa, picha za siku nzima zikapigwa humo. Darasa lataka kibali, siku za likizo, na watoto wa kujaza madawati, ambao sharti walishwe na wasafirishwe. Mtayarishaji aliyezoea kumwuzia msambazaji haki zake zote kwa malipo ya mara moja aliona heri kukata kisa sehemu ya kwanza na ya pili, kiuzwe mara mbili, kuliko kugharimia darasa.

Muuzaji mmoja wa filamu wa Kariakoo, asiyetaka kutajwa jina, anung'unika kwa kirefu. Kava lenye binti wa sare, cheti mkononi, humvuta mnunuzi. Lakini akikuta ndani darasa la wanafunzi wanane, kila mmoja na dawati lake, hurudi na maneno, kwa kuwa mwanawe asoma mahali ambapo mwalimu hana pa kupita. Linalomuudhi zaidi ni vijana wa mtaa wa pili, wanaorusha filamu ile ile kwenye flashi kwa bei ya kikombe cha chai: stempu ya kodi anayo yeye, wateja wanao wao.

Afisa mmoja wa serikali ashikilia kwamba stempu hizo, zilizoanza mwaka 2013, zimemlinda msanii, na kwamba elimu bila ada, iliyoanza 2016 ikiishia kidato cha nne, imewapa watunzi visa vipya. La kwanza lapingwa na nakala zisizo na stempu zinazotembezwa mchana kweupe. La pili ni kweli katika karatasi. Walakini filamu zaendelea kumliza mzazi aliyekosa ada hadi atokee tajiri wa jumba la ghorofa, na mimba ingali ndiyo mwisho wa masomo, ijapokuwa tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua ameruhusiwa kurejea shuleni.

Yamkini tamthilia za televisheni, ambazo kisa chake huenea vipindi vingi, zitaweza kubeba gharama ya darasa, ingawa nazo hadi sasa zapenda majumba. Muuzaji wetu hatarajii makubwa: akiletewa kisa cha darasa lililofurika atakijaribu, asema, lakini kwa nakala chache.