Shule ya Mtaani Haina Kibali cha Kumkataa

Kila msimu wa kuandikisha darasa la kwanza, wazazi wa Mazimbu, Morogoro, wenye watoto wenye ulemavu huuliza lile lile: shule maalum ya karibu ni ipi, na nafasi inaombwaje? Swali limekwenda kombo tangu mwanzo. Anayeuliza hivyo amekwisha kukubali kwamba shule ya mtaani si ya mwanawe, mara nyingi kwa sababu mwalimu mkuu alifunga daftari la uandikishaji akasema, "Huyu mpelekeni shule maalum, hapa hatuna kitengo." Kauli hiyo haina msingi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kifungu cha 27, inampa mtoto haki sawa ya kupokelewa katika shule ya umma au binafsi, na inataka asome shule ya kawaida isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalum. Kukosa kitengo hakumo. Na hata hayo mawasiliano maalum yamewekwa ili mtoto kiziwi apate lugha ya alama, si ili shule ipumue.

Imani kwamba mtoto mwenye ulemavu ni wa shule maalum ina mizizi. Elimu ya watoto hawa ilianza kwa makanisa: Buigiri, Dodoma, kwa wasioona, mwaka 1950, Tabora, kwa viziwi, 1963. Ilikuwa kazi ya huruma, nafasi chache, na mzazi alikuwa mwombaji. Sheria ya Elimu ya 1978 ililazimisha watoto waandikishwe shule, lakini Sheria Na. 3 ya 1982 iliyowahusu watu wenye ulemavu ilihangaikia matunzo yao. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na sheria ya 2010 ikaifuta ile ya 1982. Anayemtuma mzazi akaombe hisani anaendesha shule kwa sheria iliyokwisha kufutwa.

Wanasheria watanikumbusha kwamba ibara ya 11 ya Katiba, inayotaja elimu, haidaiwi mahakamani. Sawa, ndiyo maana tunashika sheria ya 2010. Walimu nao watasema madarasa yamefurika na hawakufunzwa. Ni kweli, lakini sheria inataka mtoto apewe huduma saidizi na mwalimu mwenye sifa. Haisemi arudishwe nyumbani. Tena mwenye uoni hafifu huenda akahitaji kiti cha mbele na maandishi makubwa tu. Kuhusu fedha, Mazimbu, iliyowasomesha wakimbizi wa Afrika Kusini kuanzia 1978, ingepaswa kuijua hukumu ya Cape Town ya Novemba 2010. Serikali ya huko ilijitetea kwa ufinyu wa bajeti dhidi ya watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili. Mahakama Kuu ilikataa: kama fedha hazitoshi, kwa nini upungufu wote wabebeshwe watoto hao peke yao?

Basi fanyeni hivi. Dai sababu za kukataliwa kwa maandishi. Wengi hulegea hapo hapo. Zipeleke kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa elimu maalum wa Manispaa na ustawi wa jamii. Ikishindikana, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko, na mahakama zipo. Shule maalum ikimfaa kweli, mchagulie, maana zipo nzuri. Ila uchaguzi uwe wenu. Usiondoke shuleni kabla jina la mtoto halijaandikwa daftarini.