Pepo, Mwezi na Ubao wa Foili: Mzazi Ajue Nini Kabla ya Kutoa Ruhusa

Miongoni mwa maswali ambayo wazazi hutuletea msikitini siku hizi ni hili: je, tumruhusu kijana ajifunze mchezo wa bawa na ubao wa foili? Mchezo huu umefika katika vituo vya michezo ya baharini vya Paje, Unguja. Mchezaji hushika mikononi bawa lililojazwa hewa, naye husimama juu ya ubao wenye mguu mrefu unaozama majini. Akipata kasi, ubao huinuka juu ya bahari.

Kwa asili yake, jambo hili ni mubaha, maadamu mwili umesitiriwa, Sala haipotezwi na nafsi haitiwi katika maangamizi. Sharti hili la mwisho halitimii kwa nia njema pekee. Linahitaji elimu ya upepo na maji.

Paje inatazama mashariki. Kusi, inayovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, na Kaskazi, ya Disemba hadi Machi, zote huja kwa mshazari kutoka baharini, hivyo aliyechoka husukumwa kuelekea pwani. Upande wa magharibi wa kisiwa hali ni kinyume wakati wa Kusi: upepo hutoka nchi kavu na humchukua mtu kwenda mbali. Upepo ulio neema pwani moja huwa hatari pwani nyingine.

Ama maji, kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani inatosha kutuongoza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvu, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa takriban saa nne asubuhi, yakajaa takriban saa kumi alasiri. Karibu na tarehe 8 na 22 huja maji mafu, ambapo maji hujaa asubuhi, lakini si kwa wingi.

Mguu wa foili hukaribia mita moja. Kwa hiyo asubuhi ya bamvu si wakati wake: chini kuna mawe, matumbawe na fuma. Tena kuna vigingi na kamba za mashamba ya mwani, ambayo kwa sehemu kubwa hulimwa na mama zetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kijana anayekata kamba hizo kwa ajili ya starehe amekula haki ya mtu, na kuilipa ni wajibu.

Maji ya bamvu yanapojaa, nayo Alasiri huwa imeingia. Basi tumzoeze kijana kusali kwanza, kisha aingie baharini.

Kabla ya kutoa ruhusa, tuwaulize wenye kituo: Je, mwalimu yupo majini pamoja na mwanafunzi? Je, boti ya uokoaji ipo tayari? Je, jaketi la kuokolea na kofia ngumu ni lazima? Nasi nyumbani tujiulize: je, mtoto wetu anajua kuogelea? Jibu likiwa hapana, aanze na hilo.

Upepo ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Kuujua ni sehemu ya kushukuru. Atulindie watoto wetu. Amin.