Kichwa cha Koko Kinataka Kazi

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, Kivu, msimulizi aitwaye Shekarisi Candi Rureke alikubali kusimulia kisa kizima cha shujaa Mwindo mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Rureke hakuwa na karatasi mkononi. Alikuwa amejifunza miaka mingi kabla, akiwa msaidizi wa msimulizi aliyemtangulia, na yote yalikuwa kichwani mwake. Mwaka 1969 Biebuyck na mwanaisimu Mnyanga, Kahombo Mateene, walikitoa kisa hicho katika kitabu, na leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya mbali.

Rureke alikuwa mtu wa makamo, wala hakuwa mzee sana. Lakini anayetaka kujua ni nini hulinda akili ya mtu mpaka uzeeni atazame kazi yake. Alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza, na wasikilizaji wakaitikia. Kumbukumbu ilikuwa inachimbwa, mwili unatembea, masikio yanafuata itikio, na watu wamekaa wakingoja neno linalofuata. Hilo la mwisho ndilo wengi wetu tunalisahau. Akili ya mzee hudumu kali pale inapohitajiwa na watu wake, na huko Masisi na Walikale vita vimewanyang'anya wazee wengi nafasi hiyo ya kuhitajiwa.

Kinachopungua na kinachobaki

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu yake. Kwa hiyo chochote kinachoharibu mishipa ya damu huugusa ubongo mapema. Umri ukisonga, kasi hupungua kwa kila mtu: jina la mjukuu huchelewa kuja, na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja huchosha. Msamiati, ujuzi wa kazi na busara ya kuamua havipungui hivyo. Mzee anayechelewa kukumbuka jina la jirani, lakini anakuambia bila kusita shamba lenu lilipakana na la nani kabla ya barabara kupita, hana ugonjwa.

Demensia ni jambo jingine. Ni ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujiendesha, hata akapotea njia aliyoizoea au akasahau hatua za kupika bugali. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti waliwapima watu wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2010, wakakuta takriban 6 kati ya kila 100 wana demensia. Waliobaki hawakuwa nayo. Basi uzee peke yake si maelezo ya kutosha akili inapoharibika.

Kipimo kiitwacho IDEA, kilichotokana na kazi hiyo ya Hai, kinafaa sana kwa watu wetu kwa sababu hakimtaki mzee aandike. Anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani. Anataja majina ya wanyama, mengi kadiri awezavyo, kwa dakika moja. Anaonyeshwa njiti za kiberiti zilizopangwa kwa umbo fulani, kisha naye anazipanga vilevile. Anasomewa maneno 10, na baada ya muda anaulizwa anayakumbuka mangapi. Mhudumu apime kwa busara: mama aliyefika jana akikimbia kutoka Nyabiondo hatajua jina la kiongozi wa mahali alipofikia, na hilo halimfanyi mgonjwa. Muulize chifu wa kijiji chake.

Lugha tatu kichwani

Wengi husema juu ya bibi au babu, "Koko hakusoma, akili yake itachoka haraka." Ni kweli kwamba elimu ya shule huukinga ubongo, lakini shule si njia pekee. Mwaka 2013, huko Hyderabad nchini India, Suvarna Alladi na wenzake walichunguza wagonjwa 648 wa demensia. Waliozungumza lugha zaidi ya moja walianza kuonyesha dalili wakiwa wamechelewa kwa takriban miaka 4 na nusu kuliko waliozungumza lugha moja, na tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma. Zipo tafiti nyingine zisizopata tofauti hiyo, kwa hiyo tusiichukue lugha kuwa dawa. Hata hivyo, mama wa Masisi anayesema Kihunde nyumbani, Kinyarwanda kwa majirani na Kiswahili katika soko la Sake hubadilisha lugha mara nyingi kwa siku, na kila mara ubongo wake unachagua moja na kuzuia nyingine. Hayo ni mazoezi. Msimzuie kusema lugha zake kwa wajukuu kwa kuwa mmehamia Goma na watoto wamezoea Kiswahili na Kifaransa.

Yanayozuilika

Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo, yakirekebishwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Mengi yako ndani ya nyumba zetu.

La kwanza ni presha. Haina maumivu, na kwa miaka mingi huumiza mishipa midogo ya ubongo mpaka siku kiharusi kinapoingia. Kila mtu aliyepita miaka 40 apimwe kwenye kituo cha afya, na aliyepewa dawa asiache kwa sababu amejisikia vizuri. Chumvi ipungue kwenye sombe na mchuzi, na vidonge vya kuongeza ladha vihesabiwe kuwa chumvi pia. Sukari ipimwe pamoja na presha.

La pili ni masikio na macho. Mzee asiyesikia huacha kujibu, watu huacha kumsemesha, na ubongo wake hukosa kazi. Mara nyingine ni nta tu iliyojaa sikioni, na muuguzi anaweza kuitoa. Mtoto wa jicho naye huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mwenye uziwi wa kudumu asemeshwe kwa ukaribu, uso kwa uso, mahali pasipo kelele.

Kisha kuna kanyanga, pombe kali inayoharibu ubongo na kumwangusha mtu akaumia kichwa, tumbaku, na moshi wa mafiga matatu katika jiko lisilo na tundu la hewa. Kutembea husaidia, na bibi wa milimani aliyepanda na kushuka maisha yake yote alikuwa amejikinga bila kujua. Hatari huanza anapofika mjini na kuambiwa akae tu, asichoke.

Zimebaki huzuni na upweke. Tangu machafuko ya mwaka 1993 yaliyoanzia Ntoto, Walikale, na kuenea Masisi, hadi mapigano ya 2025, wapo wazee waliokimbia mara nyingi. Aliyekimbia hupoteza shamba, ng'ombe na marika wenzake, na pia alama zilizokuwa zikimsaidia kukumbuka: mlima, kijito, njia ya sokoni. Akikaa kimya, halali wala hali, anaweza kuonekana ana demensia kumbe ni huzuni nzito, nayo inatibika.

Mpeni kazi ya kweli

Kazi inayofaa ni ile ambayo isipofanywa watu wataikosa. Mpe koko achague mbegu za maharage za kupanda, kwa kuwa anajua ipi huvumilia mvua na ipi huwahi kuiva. Mtume sokoni na mjukuu, yeye ndiye ahesabu pesa. Mgogoro wa mpaka ukitokea, aitwe aseme anachokijua mbele ya vijana, na vijana waandike. Jioni mtoto amuulize majina ya ukoo kwenda juu, halafu ayarudie mbele yake ili asahihishwe. Bao, ambalo wasemaji wa Kinyarwanda huliita igisoro, hulazimisha mtu kuhesabu na kufikiria hatua za mbele, na humletea mwenzake wa kukaa naye.

Kitu kipya nacho ni muhimu, kwa sababu alichokizoea mtu hukifanya bila kufikiri. Aingie darasa la kusoma na kuandika hata akiwa na miaka 70. Ajifunze kutuma ujumbe wa simu kwa mwanawe, au wimbo mpya wa kanisani. Akikosea mara ya kwanza na ya pili, mwacheni arudie mwenyewe. Mkimnyang'anya simu mkamfanyia, mmemnyima zoezi.

Akichanganyikiwa ghafla

Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hajui alipo, au anaona watu wasiokuwepo, mara nyingi ana ugonjwa wa mwili: malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Anayepungua polepole naye apimwe: presha, sukari, damu, masikio, macho, na rovu kama shingo imevimba, kwa kuwa tezi ya shingoni ikilegea huifanya akili kuwa nzito, na dawa zipo.

Wako wamama wazee waliopigwa, kufukuzwa na hata kuuawa huku kwetu Kivu kwa sababu waliongea peke yao usiku au walitangatanga, jirani akasema ni bulozi, yaani uchawi. Hizo ni dalili za ugonjwa, na atakayesikia neno hilo likitajwa juu ya mgonjwa ana wajibu wa kulikataa mbele ya watu. Familia nayo isikubali kuambiwa "ni uzee tu" kabla vipimo havijafanywa. Mwambieni muuguzi dalili zilianza lini, koko alikuwa anaweza kufanya nini mwezi uliopita ambacho leo hawezi, na anatumia dawa gani. Kwa majibu hayo matatu muuguzi atajua aanzie wapi.