Mgongo unauma, lakini maisha hayangoji

Ukiwa na miaka 24 halafu useme mgongo unakuuma, watu hucheka kwanza. Watakuuliza kama umeanza kuzeeka mapema hivyo. Ukisema ni mwaka wa pili sasa, wananyamaza kidogo, kisha kila mmoja anakuletea dawa yake. Huyu ana mafuta ya kuchua, yule ana mzee wa kunyoosha mifupa kule kwao, mwingine anakupa namba ya mchungaji. Baada ya mwezi wanaacha kuuliza. Wewe bado unaumwa.

Kama hiyo ndiyo hali yako, keti tuzungumze. Ama simama, kama kusimama ndiko afadhali kwako leo.

Yangu yalianza nikiwa na miaka 21, nikiishi Pipeline, Embakasi. Wanaoijua Pipeline wanaelewa: maji yakikatika, mtungi wa lita 20 unaubeba mwenyewe hadi orofa ya sita. Siku moja kitu kikavutika kiunoni na nikajua kitapita baada ya wiki. Hakikupita. Wakati huo nilikuwa chuoni nasomea diploma, vipindi vya saa tatu kwenye viti vya mbao. Nilikuwa nikisimama nyuma ya darasa ili nisiumie, na mhadhiri mmoja akaona ni madharau, akanitoa nje mbele ya wenzangu. Niliacha masomo mwaka uliofuata. Karo ilichangia pia, sitausingizia mgongo peke yake.

Tuanze na jina. Maumivu yakipita miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Usidhani sugu maana yake ni makali kuliko mengine. Maana yake ni kwamba muda ambao msuli au mshipa uliovutika huhitaji kupona umepita, na bado unaumwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na kwamba takriban visa 9 kati ya 10 havina ugonjwa mmoja au mfupa mmoja ambao daktari anaweza kuunyooshea kidole. Ndiyo maana umepigwa picha ukaambiwa uko sawa, ukarudi nyumbani ukijiuliza kama umeanza kuchanganyikiwa.

Hujachanganyikiwa. Hebu fikiria king'ora cha gari pale mtaani. Kazi yake ni kulia mwizi akija. Sasa kuna lile gari moja, si unalijua, ambalo paka akipita karibu linalia, lori likipita linalia, saa tisa usiku linalia bila sababu. King'ora kinalia kweli, kelele ni za kweli, ila mwizi hayupo. Neva na ubongo vikipokea ujumbe wa maumivu kwa muda mrefu huweza kuwa hivyo, vikaitikia hata kitu kidogo. Kukosa usingizi, wasiwasi wa kodi na kukaa bila kujinyoosha huzidisha ukali wa king'ora hicho. Maumivu ni ya kweli, hayako "kwenye akili yako tu". Lakini kuumwa zaidi leo si lazima iwe na maana kwamba umejivunja zaidi leo.

Na hizo picha zenyewe zisikutishe. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Kati ya wale wa miaka ya ishirini, karibu asilimia 30 walikuwa na diski iliyotokeza katikati ya pingili, na hawakuwa na habari. Picha ya MRI jijini inaweza kumeza kodi yako ya miezi miwili, kwa hivyo kabla hujauza simu ili kuilipia, muulize daktari swali hili: matokeo yatabadilisha nini katika matibabu yangu?

Kuna wakati wa kutouliza swali lolote, unaenda hospitali siku hiyo hiyo: mguu ukilegea, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, ukifa ganzi sehemu za siri. Maumivu yanayoandamana na homa au kukonda bila sababu nayo usiyakalie. Hapo king'ora kinalia kwa sababu mwizi yuko ndani.

Tukishaelewana hapo, twende kwenye maisha yenyewe. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote hakiuzwi dukani. Wataalamu wa fiziotherapia wana mpango wa kugawa shughuli kidogo kidogo, na mimi huuelewa kwa tokeni za stima. Unajua vile ukinunua tokeni za mia mbili halafu uwashe hita ya maji, pasi na spika siku hiyo hiyo, kesho uko gizani? Mwili unaoumwa uko hivyo. Siku nzuri ikifika, wengi wetu tunataka kulipa madeni yote: kufua nguo za wiki mbili, kuosha keja, kwenda tao, kisha jioni kucheza mpira. Halafu siku tatu zinazofuata ni za kitandani. Ukiamka tena, unarudia. Mwaka unaisha hivyo, na kila mzunguko unakuacha na nguvu pungufu.

Dawa yake ni kupima. Chukua shughuli moja, tuseme kuketi. Kwa siku chache angalia unaketi dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda. Mimi zilikuwa 30. Basi nikaweka simu ilie kila baada ya dakika 20, ikilia nasimama, hata kama naandika sentensi tamu, hata kama siumwi. Hapo ndipo ugumu ulipo, kusimama wakati huumwi. Unaacha kwa saa badala ya kuacha kwa maumivu. Baada ya wiki moja au mbili unaongeza dakika mbili. Inachosha kusikia, najua, na hakuna mtu atakayekupigia makofi. Lakini mimi sasa naketi dakika 45.

Kufua ni hivyo hivyo. Nguo za wiki nagawa mara tatu, na beseni naliweka juu ya stuli, siinami chini sakafuni. Maji nachota nusu mtungi, nazunguka mara mbili, na nikiwa na doo namlipa kijana wa mkokoteni. Mama yangu alidhani ni uvivu mpaka nilipomweleza kuwa hiyo shilingi ya maji ndiyo inaniwezesha kufanya kazi kesho yake. Mathree nayo ina siri zake: kiti kilicho juu ya gurudumu la nyuma kinakurusha kila tuta, kwa hivyo ngoja gari lijalo ukiweza, upate kiti cha katikati. Konda atakuita msumbufu. Acha akuite.

Jambo la pili watu hawalipendi: kulala kitandani hakuponyi mgongo. Tulilelewa tukiambiwa ukiumwa pumzika, na kwa siku moja mbili za mwanzo ni sawa. Baada ya hapo misuli inalegea, na kila kitu kinakuwa kizito zaidi. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unapendekeza mazoezi, elimu kuhusu hali yako, na tiba ya kisaikolojia. Wakati huo huo unashauri dhidi ya kutumia mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida, ile inayouzwa kila kona ya tao, na pia dawa kali za jamii ya afyuni. Mazoezi yenyewe hayahitaji jimu. Kutembea kunatosha kuanzia. Shuka stendi moja kabla ya yako, tembea, kesho rudia. Ukiweza kufika idara ya fiziotherapia katika hospitali ya kaunti, nenda hata mara chache tu, ili upate mazoezi yanayokufaa wewe, sio ya jirani yako.

Sasa kemia. Mtaani kwetu sindano ya diklofenaki ni kama mandazi, unapata bila maswali. Dawa za jamii hiyo zina kazi yake, na zinaweza kukuvusha wiki mbaya. Tatizo ni kuzimeza kila siku mwezi baada ya mwezi bila daktari kujua. Zinaweza kutoboa vidonda tumboni, kuumiza figo na kupandisha presha, na mchanganyiko na pombe unafanya tumbo kuwa katika hatari zaidi. Kama unazitumia kila siku, beba pakiti yenyewe uende nayo kliniki, uwaonyeshe.

Usingizi usiudharau. Usiku mbaya huleta maumivu zaidi, na maumivu huleta usiku mbaya. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Simu iache mbali na mkono. Kelele za mtaa siwezi kukusaidia nazo, mimi mwenyewe huziba masikio kwa pamba.

Kuna sehemu ya maumivu ambayo haionekani kabisa, nayo ni kutoaminiwa. Hili ni zito zaidi kwa wanawake. Njambi Koikai, yule mtangazaji wa rege aliyefariki Juni 2024, alitumia miaka mingi akiwaeleza Wakenya kuhusu endometriosisi, hali ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo. Alisema wazi kile ambacho wasichana wengi huambiwa wavumilie, eti ni hedhi tu. Kama maumivu yako ya hedhi yanakuangusha chini kila mwezi, hiyo si kawaida. Ukiambiwa ni kawaida, tafuta daktari mwingine.

Na marafiki je? Ukikataa mialiko minne mfululizo, mbogi itaacha kukualika, na huwezi kuwalaumu sana. Nimeona inasaidia kukataa nusu. "Klabu siwezi, kusimama usiku kucha kutanimaliza, lakini njooni kwangu mapema tule chapo kwanza." Mpenzi naye mwambie kabla hajaanza kukisia. Watu hukisia vibaya kila mara, atadhani umemchoka.

Daktari akikutuma kwa mshauri nasaha, usikasirike, hajasema unadanganya. Maumivu sugu na huzuni hutembea pamoja, na kutibu mojawapo hupunguza nguvu za mwenzake. Siku ambazo unaona afadhali usiwepo, usikae nazo peke yako. Piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.

La mwisho ni la kliniki. Watakuuliza maumivu ni ngapi kutoka 0 hadi 10. Utasema 7, mwezi ujao utasema 7, na nyote wawili mtadhani hakuna kilichobadilika. Andika mambo mengine kwenye simu: umetembea umbali gani, umeketi muda gani, umelala saa ngapi, umefanya nini ambacho mwezi jana hukuweza. Wasomee hayo. Yangu ya mwezi huu: nimepanda mathree hadi tao bila kushuka njiani kujinyoosha. Nimebeba mtoto wa dada yangu, kilo 11, dakika tano. Nimelala saa sita mfululizo mara nne. Maumivu yenyewe ni 6.

Mwezi ujao nataka kwenda Kasarani kutazama Gor. Nitasimama na mashabiki kipindi cha kwanza, cha pili nitaketi.