ULINZI NA MITAMBO YA VIDEO MAHAKAMANI: MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaombwa kusoma kwa makini maelezo haya kuhusu ulinzi wa majengo ya mahakama na matumizi ya video katika kusikiliza mashauri. Mfano unaotumika ni wa Bara, katika Kata ya Maisaka, mjini Babati, Mkoa wa Manyara. Hata hivyo funzo lake ni la kila mahali penye mahakama, na hasa visiwani, ambako shahidi huweza kulazimika kuvuka bahari ili aseme maneno ya dakika kumi.

MFANO WA SHAHIDI

Tumchukue mama mmoja mkazi wa Maisaka, ambaye usiku mmoja alimwona kijana akimkata mwenzake kwa panga. Polisi wamekwisha kuandika maelezo yake, na hati ya kuitwa shaurini imemfikia. Siku iliyopangwa anafika mahakamani saa mbili asubuhi. Shauri linaitwa saa tano. Katika saa hizo tatu amekaa benchi moja na kaka zake mshitakiwa, kwa kuwa benchi ni hilo hilo. Hakuna aliyemtolea maneno ya vitisho. Mmoja wao amemuuliza tu watoto wake wanasoma shule gani.

Akiingia chumbani na kusema kwamba usiku ule kulikuwa na giza, hakuona vizuri, shauri limeharibika kabla hakimu hajauliza swali la kwanza. Hakuna mlango uliovunjwa wala silaha iliyopitishwa getini, na taarifa ya ulinzi ya siku hiyo itaandikwa kwamba hali ilikuwa shwari. Kwa hiyo ieleweke tangu mwanzo kwamba ulinzi wa mahakama haupimwi kwa idadi ya askari wala ya kamera. Kipimo chake ni kama mtu mnyonge kuliko wote waliofika siku hiyo ameweza kusema aliyoyaona bila hofu.

JENGO NA NJIA ZAKE

Hatari ya silaha nayo si ya kubuni. Tarehe 13 Juni 2024, katika Mahakama ya Makadara jijini Nairobi, Hakimu Mkuu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini, mara baada ya kufuta dhamana ya mshitakiwa aliyekuwa mke wa afisa mmoja wa polisi. Mpiga risasi alikuwa afisa huyo mwenyewe, naye aliuawa papo hapo na askari waliokuwapo. Hakimu alifariki dunia siku chache baadaye. Shauri lilikuwa likisikilizwa ndani ya hema.

Mambo mawili ya kujifunza yanaonekana wazi. La kwanza, ukaguzi wa getini hauna maana ikiwa wapo watu wanaopita bila kukaguliwa kwa sababu ya sare au cheo chao. Afisa anayefika kwa shauri linalomhusu yeye au jamaa yake amekuja kama mwananchi, na silaha yake inapaswa kubaki mahali pa kuhifadhia silaha. La pili, umbo la jengo ni sehemu ya ulinzi. Jengo lililopangwa vema lina njia tatu zisizokutana: ya hakimu na watumishi, ya mahabusu, na ya wananchi. Chumba cha kusubiria mashahidi huwa mbali na wadaawa. Meza ya hakimu huwa na kengele ya dharura na mlango wa kutokea nyuma yake.

Mengi ya hayo hayahitaji fedha nyingi. Benchi la pili, pazia, taa uani, geti moja badala ya mawili, na karani anayejua ni shahidi yupi wa upande upi na kumketisha ipasavyo, huweza kumwokoa yule mama wa Maisaka kabla ya kununuliwa mtambo wowote. Mtendaji anayeandaa bajeti ya ulinzi anashauriwa aanzie hapo.

KAMERA ZA ULINZI

Kamera ina kazi mbili. Humzuia mwenye nia mbaya kwa kuwa anajua anaonekana, na huhifadhi kumbukumbu ya lililotokea. Haina kazi ya tatu. Kamera haiwezi kusimama kati ya mtu na mtu, wala haisikii swali linaloulizwa kwa upole kuhusu shule ya watoto. Ikiwa hakuna mtumishi aliyepangiwa kuangalia kioo chake, basi inachofanya ni kuandika habari za madhara yaliyokwisha kutokea.

Kamera za mahakama zielekezwe getini, varandani, uani, kwenye maegesho na kwenye mlango wa mahabusu. Zisielekezwe mahali ambapo wakili hunong'ona na mteja wake, wala zisiwe na uwezo wa kusoma karatasi zilizo mezani pao. Chumba cha mashahidi kilindwe mlangoni, si ndani.

Picha za watu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za namna hiyo zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zitumike kwa kusudi hilo tu, na zihifadhiwe kwa usalama. Kwa mahakama, maana yake ni kwamba pawe na tangazo getini kuwaarifu watu kwamba kamera zipo, pawe na orodha ya watumishi wanaoruhusiwa kufungua kumbukumbu, na kila anayefungua aandike jina lake, saa na sababu. Mtumishi anayeinakili picha ya shahidi katika simu yake ili kuwaonyesha rafiki amevunja siri iliyokabidhiwa ofisi yake, na huenda amemweka mtu katika hatari ya maisha.

KUSIKILIZA SHAURI KWA VIDEO

Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha. Kwa miaka mingi baada ya hapo mashauri ya Mahakama Kuu yaliyotoka Manyara yaliendelea kuwa chini ya Arusha, mwendo wa takriban kilomita 170 kutoka Babati. Leo Mahakama Kuu ina Masjala Ndogo yake mjini Babati, na mkazi wa Maisaka anaweza kuifikia bila kulala njiani. Lakini Manyara ni mkoa mpana. Mtu wa Kiteto bado yuko mbali, na wa Simanjiro mara nyingi hulazimika kuzunguka kupitia Arusha ndipo afike Babati. Hali ni hiyo hiyo kwa Mpemba aitwaye Unguja, ingawa yeye njia yake ni bahari na shauri lake liko chini ya Mahakama ya Zanzibar, yenye sheria na taratibu zake.

Umbali huo ndio unaofanya video iwe na thamani. Kila mahabusu anaposafirishwa kwenda kusikia tu kwamba shauri lake limeahirishwa, hutumika gari, mafuta na askari, na hufunguliwa nafasi ya kutoroka au kushambuliwa njiani. Shauri la kutajwa likiendeshwa kwa video kati ya gereza na mahakama, hatari hiyo huondoka.

Tanzania Bara ilipiga hatua katika jambo hili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, ambapo mahakama zilianza kuzungumza na mahabusu wakiwa gerezani. Mwaka 2021 zilitungwa kanuni mahsusi za kuendesha mashauri kwa mtandao na kurekodi mwenendo kwa njia ya kielektroniki. Mwaka huo huo, tarehe 6 Oktoba, vilizinduliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki sita, katika Dodoma, Morogoro, Arusha, Mwanza na viwili Dar es Salaam, ambavyo vinakusanya ngazi mbalimbali za mahakama na wadau wake mahali pamoja.

Kwa yule mama wa Maisaka, video ina faida nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa mahakama uwezo, kwa maombi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, kuamuru ushahidi utolewe kwa video, au utambulisho wa shahidi na mahali alipo visitajwe. Aidha, ipo Sheria ya mwaka 2015 inayowalinda watoa taarifa na mashahidi. Shahidi mwenye hofu asinyamaze mpaka siku ya shauri. Amweleze mpelelezi au mwendesha mashtaka mapema, ili maombi yafanywe kwa wakati.

HAKI ZISIZOPUNGUZWA

Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na Ibara ya 107A inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Video ni chombo cha kutimiza la pili, na haiwezi kuwa kisingizio cha kulivunja la kwanza.

Mfano wa Uganda unafaa kuzingatiwa. Tarehe 2 Agosti 2019 Mahakama ya Buganda Road, Kampala, ilimhukumu mwanaharakati Stella Nyanzi kifungo akiwa katika gereza la Luzira, akionekana kwa video. Yeye alilalamika kwamba hakuletwa mbele ya mahakama. Chumba cha mahakama kilichafuka, na chupa ikarushwa kuelekea kwa hakimu. Mshitakiwa alikuwa mbali, chini ya ulinzi wa gereza, lakini fujo ilitokea vilevile. Mtu anayeamini kwamba amenyimwa nafasi ya kusikilizwa hatulizwi na kioo, wala jamaa zake hawatulizwi.

Kwa hiyo, kila shauri linapoendeshwa kwa video, yafuatayo yanapaswa kuhakikishwa:

(a) Shahidi atambuliwe kwa kitambulisho kabla ya kiapo, na mtumishi aliyeidhinishwa awepo upande wake, ili mahakama ijue nani mwingine yumo chumbani. Anayemwelekeza shahidi la kusema anaweza kuwa amesimama mahali ambapo kamera haifiki.

(b) Hakimu, mshitakiwa, shahidi na mawakili waonane na kusikiana wakati wote. Sauti ikikatika, shauri lisimame, na maneno yaliyopotea yarudiwe. Umeme wa akiba si anasa.

(c) Mshitakiwa apewe njia ya kuzungumza na wakili wake faraghani. Askari magereza akae mahali anapoona bila kusikia.

(d) Vielelezo vionyeshwe kwa ukamilifu. Panga linaloonekana nusu katika kioo halijaonyeshwa.

(e) Lugha izingatiwe. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini Babati na vijijini mwake wapo wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kigorowa, Kiiraqw, Kibarabaig au Kimaasai. Mkalimani akae karibu na anayemtafsiria, kwa kuwa sauti ya mtandao huja kwa kuchelewa na kumeza maneno.

(f) Mtoto asionyeshwe kwa umma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mahakama ya watoto ikae faragha, na faragha hiyo inahusu pia kiungo cha video na rekodi yake.

Pale ambapo masharti hayo hayawezekani, au ambapo hakimu anahitaji kumwona shahidi ana kwa ana ili apime ukweli wake, video iahirishwe na mtu aletwe. Uamuzi huo ni wa mahakama, si wa fundi mitambo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwananchi anayefika mahakamani anaombwa kufika mapema, kukubali kukaguliwa bila kinyongo, kuzima simu, na kutopiga picha wala kurekodi mwenendo bila ruhusa. Afahamu pia kwamba Kanuni ya Adhabu inafanya kuwa kosa kumzuia, kumshawishi au kumtisha shahidi, na kwamba vitisho si lazima viwe vya kelele. Aliyetishwa amweleze karani au askari papo hapo, kabla shauri halijaitwa.

Mtumishi wa getini amkague kila mtu kwa namna moja, mwanamke akaguliwe na mwanamke, na heshima itunzwe. Karani awatenge mashahidi. Anayeangalia kamera atoe taarifa ya anachokiona wakati kinatokea, kwa maana taarifa ya jioni haimsaidii aliyetishwa asubuhi. Mkuu wa kituo ajaribu kengele, taa na mitambo mara kwa mara, na kuandika majibu ya majaribio hayo katika daftari.

Turudi kwa mama yetu. Siku nyingine anaitwa tena. Anapokewa getini na askari wa kike, anapelekwa katika chumba chenye mlango wake, na saa tano anazungumza na hakimu, ama chumbani kwake au kupitia kioo kutoka mahali pengine. Anasema aliyoyaona, anahojiwa na wakili wa mshitakiwa, anajibu. Mshitakiwa naye amesikia kila neno na amepata nafasi ya kulipinga. Kisha mama anarudi Maisaka kabla ya jua kuchwa, na hakuna aliyemuuliza habari za watoto wake. Hapo ndipo itakapofaa kuandika katika taarifa ya siku kwamba hali ilikuwa shwari.