Ungangari wa Kuacha Ngano

Saa kumi na moja alfajiri, Voi imeshaamka. Malori yaliyolala kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi yameanza kunguruma, na katika kibanda cha chai mama mpishi anakanda unga wa ngano. Anakata donge moja, analishika kwa mikono miwili na kulivuta. Linarefuka kama mpira bila kukatika. Donge la unga wa mahindi ukilivuta hivyo litakupukutikia mikononi. Kinachoushikanisha unga wa ngano ni protini iitwayo gluteni. Hiyo ndiyo inayoipa chapati unyumbufu wake, na hiyo hiyo ndiyo inayomwangusha mgonjwa wa siliaki.

Tuseme mmoja wa madereva wanaosubiri chapati hizo ni mgonjwa huyo, na hajui. Ni mtu ngangari, wa kubadilisha tairi la lori usiku peke yake. Miaka miwili sasa tumbo linamjaa gesi, anaharisha mara kwa mara, suruali inampwaya, na akipanda kwenye lori anahema. Amemeza dawa za amiba, za taifodi, za vidonda vya tumbo. Nafuu huja siku mbili, kisha mambo hurudi palepale. Mwanamume ni kuvumilia, anajiambia, na anaagiza chapo madondo, yaani chapati na maharagwe.

Uvumilivu huo ndio unaommaliza. Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno, vyenye urefu wa milimita moja au chini yake, vinavyofyonza chakula na kukiingiza kwenye damu. Vimeng'enya vya tumboni havifaulu kuikata gluteni yote, hivyo vipande vyake hufika kwenye ukuta huo vikiwa bado virefu. Kwa watu wengi hupita salama. Kwa mgonjwa wa siliaki, mfumo wa kinga huvidhania kuwa adui, na katika kuvipiga huupiga utumbo wenyewe. Vijidole huchakaa, hufupika, hatimaye hulala bapa. Sehemu ya kwanza ya utumbo, ambako madini ya chuma hufyonzwa, ndiyo inayoumia zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kula sukumawiki na nyama kila siku na bado akapungukiwa damu. Wengine hawaumwi tumbo kabisa. Dalili zao ni uchovu, mifupa dhaifu, vipele vinavyowasha, au mtoto asiyekua.

Aliyeigundua siri ya ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwa tayari anaushuku mkate. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 njaa iliikumba nchi yake na mkate ukaadimika, hata watu wakala vitunguu vya maua. Watoto wenye siliaki aliokuwa akiwatibu walipata nafuu katikati ya njaa hiyo, na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu iliyoeleza jambo hilo, na mpaka leo tiba inafuata njia hiyo: kuacha ngano, shayiri na nafaka ya rai kwa maisha yote.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hali ya Wasaharawi wa Sahara Magharibi inalikanusha wazo hilo. Utafiti uliochapishwa 1999 uliwakuta karibu watoto 6 kati ya 100 wana siliaki, ilhali makadirio ya dunia ni kama mtu 1 kati ya 100. Kinachotakiwa ni jeni zinazouruhusu ugonjwa, na ngano mezani. Kwetu ngano haikuwa chakula cha mababu, lakini leo chai haikamiliki bila mkate, mandazi au mahamri.

Anayejishuku asikimbilie kuacha ngano. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu akishaiacha, hivyo apimwe angali anaila. Mara nyingi daktari huthibitisha kwa kupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo na kuchukua vipande vidogo vya ukuta wake. Na asiye na ugonjwa hana sababu ya kuiogopa chapati.

Akishathibitishiwa, mgonjwa wa Voi, na wa Taita Taveta nzima, ana bahati ambayo huenda haioni. Sokoni kuna ndizi za Taveta, mihogo, viazi vitamu, mbaazi na pojo. Kuna ugali wa mahindi, wali, uji wa wimbi na wa mtama. Kuna kimanga, chakula cha Wataita cha kupondwa, mihogo au viazi vikichanganywa na jamii ya kunde. Hakuna gluteni humo. Chakula cha bibi kinageuka dawa, bila kuagiza unga wa bei ghali kutoka ng'ambo.

Hatari imejificha kwenye vumbi. Utafiti umeonyesha kuwa miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuuumiza utumbo, na kipande kimoja cha mkate kina gramu mbili hivi. Kwa hiyo mtama uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano si salama, wala mihogo iliyokaangwa kwenye mafuta ya mandazi. Bia ya shayiri nayo inaachwa.

Kwa mtu ngangari, njaa si tatizo. Kazi ni kwenye matanga na harusi, sahani inapoletwa na shangazi anaposema, "Kula mwanangu, moja tu haitakudhuru." Itamdhuru, hata asiposikia chochote siku hiyo. Aliyezoea kubeba kila kitu kimya kimya sasa analazimika kujieleza, tena na tena, kwa watu anaowaheshimu.

Akishika njia hiyo, mara nyingi nafuu huanza ndani ya wiki chache. Utumbo wenyewe huchukua miezi, kwa watu wazima pengine miaka, vijidole vikichipua upya. Mwanzo wa yote ni pale kibandani Voi, alfajiri, mbele ya wenzake wanaomtazama: "Mama, naomba mihogo ya kuchemsha. Na tafadhali, nawa mikono kwanza."